Amplifaya ya Mjane

Mtu mmoja huko Korogwe alikuwa na spika mbili za kifahari na santuri moja ya mkewe, lakini amplifaya yake ilikuwa imeungua. Aliitwa Shemweta, mkaguzi mstaafu wa mizani za sokoni. Serikali ilimlipa miaka thelathini asiamini kilo ya mtu, na kustaafu hakukumponya.

Katika santuri ile aliimba dada wa mkewe, marehemu, pamoja na bendi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Nakala nyingine haikuwapo. Na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba masikio ya mkewe, Mama Hiza, yanakwenda, na mwaka hautaisha kabla hayajaziba kabisa. Mama Hiza hakulilia dawa. Aliomba amsikie dada yake mara moja tu, vizuri, kama alivyokuwa.

Shemweta akaapa kumtafutia amplifaya ya daraja la juu, ya mtumba, maana mpya ya namna ile ni ya mabalozi. Akaipata kwa mjane wa mpiga kinanda wa kanisani: nzito kama gunia la mahindi, yenye sindano mbili zinazocheza nyuma ya kioo. Mjane akataja bei ya redio ya jikoni. Hapo ndipo shaka ilipoingia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hiki, aliona Shemweta, kimetembea mbali mno.

"Iwashe usikie, baba," mjane alimwambia. "Masikio yako ndiyo mkaguzi."

"Masikio hayana muhuri, mama."

Akaichukua bila kuisikiliza. Kwake muziki ulikuwa rushwa: ukishaupokea, huwezi tena kukagua.

Nyumbani akaibandika karatasi: MARUFUKU KUWASHA HADI UKAGUZI UKAMILIKE. Akahesabu skrubu za kifuniko. Kumi na mbili, na moja haikufanana na zile nyingine. Nani aliifungua, lini, kwa idhini ya nani? Akamwandikia mjane barua. Mjane akajibu kwamba marehemu mumewe aliipoteza ile ya kwanza alipokuwa akifuta vumbi. Jibu lilinyooka mno. Shemweta akalitilia alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Akaipeleka amplifaya kwa mafundi watatu, mmoja baada ya mwingine, bila kuwatajia wenzao. Wote wakasema ni nzima. Hilo ndilo lililomtisha kabisa, kwani mafundi watatu wa mji mmoja hawakubaliani juu ya kitu ila wawe wamekunywa chai pamoja.

Miezi ikapita. Mama Hiza akaanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Siku moja akaiweka santuri kwenye sahani ya kuichezea, akakaa akingoja. Mumewe akaiondoa taratibu, akairudisha kwenye jalada lake. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda, na hakutaka sauti ya marehemu ipite ndani ya kitu chenye dosari.

Asubuhi moja ya Desemba, kwa kukosa kosa, akatia saini cheti alichokiandika mwenyewe, akabandua karatasi, akaweka santuri, akawasha. Sindano zikainuka. Sauti ya yule dada ikaingia sebuleni, safi hata ukasikia anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Katika maisha yake yote ya mizani, Shemweta hakuwahi kukuta kitu kilichotimia namna ile. Akageuka kumtazama mkewe, machozi yakimtiririka.

Mama Hiza alikuwa amekaa wima, amejitanda kanga mpya, mikono magotini, akiitazama mashine kwa subira.

"Haya, iwashe basi, Baba Hiza," alisema. "Mimi niko tayari."

Nanyi mnaoitaka kila neema ionyeshe barua ya utambulisho kabla ya kuvuka kizingiti, mmewahi kuiuliza imepewa muda gani wa kusimama mlangoni?