Mize Achagua Nyumba

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmenong'ona tu. Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale kulikuwa na shamba la majani chini ya bahari, na humo waliishi makombe, wale viumbe wa magamba mawili. Siku ya bamvua, maji yalipojaa sana, makombe wote, kina mama na kina baba, wakamwaga mayai na mbegu zao majini kwa pamoja. Fwaa! Maji yakawa kama tui. Wakazaliwa watoto laki moja, majina yakawaishia wazazi.

Mmoja aliitwa Mize. Alikuwa mdogo kuliko punje ya chumvi, lakini maringo yake, bahari nzima haikuyatosha.

Watoto wa kombe huelea. Wakielea wiki mbili, magamba huwa mazito, na kila mmoja hutoa uzi wake akajifunga kwenye jani. Asiyejifunga huchukuliwa na mkondo hadi kilindini, na kilindini hapaoti jani hata moja. Huko ndiko mwisho wake.

"Mize, jifunge!" akaita dada yake Semeni, ameshaning'inia.

"Jani hili? Fupi."

"Na hili?"

"Limepauka."

"Na hili?"

"Limeinama. Mie siishi kwenye jani lililoinama."

Gamba likazidi uzito. Mize akashuka kidogo. Aliogopa, ila akaendelea kuchagua. Mara akaona jani refu kuliko yote, jekundu, limesimama wima.

"Hilo langu!"

Akatoa uzi. Akafunga fundo. Akafunga la pili. Akafunga la tatu.

Jani likatembea.

Kwata, kwata, kwata.

"Semeni! Nyumba yangu inaondoka!"

Ndugu laki moja wakacheka mpaka majani yakatikisika. Halikuwa jani lile. Lilikuwa sharubu la Mzee Kamba Koche, yule mkubwa wa kamba wote wa baharini, naye alikuwa anarudi kwake mwambani, ukingoni mwa kilindi.

"Shikamoo, babu! Simama!"

"Marahaba. Nani anasema?"

"Mimi, kwenye sharubu lako!"

"Sharubu langu linasalimia?" Mzee akashangaa. "Kumbe nimezeeka hivi." Akaendelea na safari. Kwata, kwata.

Mkondo ukaanza kuvuta. Mize akauona weusi wa kilindi, na maringo yote yakamtoka. Alikuwa na mguu mmoja tu, akaurusha huo huo. Teke, teke, teke! Mzee akatekenyeka. Akakunja uso, chafya ikamjia. Aa... aaa... CHWAAA!

Uzi ukakatika, pa! Mize akarushwa kinyumenyume hadi shambani, akabiringika, akalikamata jani la kwanza lililomgusa. Lilikuwa limetafunwa na kasa, limebaki kisiki. Akafunga mafundo kumi.

Semeni akachungulia. "Mize, ndiyo nyumba yako hiyo?"

"Ndiyo."

"Mbona mbaya hivyo?"

"Dada," akasema Mize, bado anahema, "haitembei."

Basi jamani, mahali pa kuishi usipaangalie urefu wala uzuri. Angalia kwanza kama pametulia. Hadithi yangu imeishia hapo, na asiyeridhika akamuulize Kamba.