Nyota Tano za Mashine Isiyo na Matundu

"Laki sita na nusu yangu! Nani ananirudishia?"

Hapo zamani, zamani ya leo asubuhi tu, ndivyo Bi Zawena Kapinga alivyoingia ofisini kwangu Songea, kompyuta kwapani, muuzaji wake Haule nyuma yake. Bi Zawena ana steshenari karibu na mahakama. Huwachapia watu barua na hati za kiapo. Kompyuta ile niliisifu mimi, kwenye jarida letu. Nyota tano.

"Printa yangu haina pa kuchomeka," akasema. "Kiunganishi nimenunua, bado inakataa. Wateja wamehamia kwa jirani."

Nikafoka. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, na sili cha mtu. Hata kalamu ya bure ya muuzaji nilishairudisha. "Dada, niliandika ukweli mtupu! Nilipima kasi. Nilipima betri. Nilipima uzito, kwa mizani ya muuza nyanya! Na matundu ya kuchomekea waya nikasema hayapo."

"Ulisema, 'Imeachana na matundu ya kizamani.' Nikadhani ni sifa."

"Ilikuwa sifa," nikasema, kabla sijauwahi mdomo wangu.

Akamgeukia Haule. "Na wewe! Printa uliniuzia mwenyewe!"

"Mama, ulikuja na jarida, ukurasa umeukunja. Nilipofungua mdomo ukasema, 'Nyamaza, unataka kuniuzia ya bei kubwa.' Nikanyamaza. Nibishane na nyota tano?"

"Ungebishana!"

"Ungeuliza!"

Mara macho ya Bi Zawena yakatua mezani kwangu. "Na hiyo kompyuta nyeusi, iliyofungwa kwa mpira, ya nani?"

"Yangu."

"Ina matundu?"

"Manne."

"Kumbe zile nyota tano uliziandika kwa kutumia hiyo?"

Mimi, msema kweli, nikaifunika ile nyeusi kwa jarida. Haule akacheka hadi akakaa sakafuni.

Haya, wasikilizaji. Mimi nilipima kila kitu, isipokuwa kazi ya mnunuzi. Haule alijua, akanyamazishwa, akanyamaza. Bi Zawena alisoma neno kwa neno, asiulize hata moja. Je, nani alipe? Msinionee haya, wala msinipendelee. Ila jibuni upesi, maana Bi Zawena amekalia kiti changu, kompyuta mapajani, na ana maneno machache tu:

"Laki sita na nusu. Leo."