Waliookoa Kichwa cha Mwadime

Hapo zamani, si ile ya mababu, ni hii ya juzi tu, alikuwapo kijana wa milima ya Taita aitwaye Mwadime. Alishindana kuteremka mlima kwa baiskeli. Kuteremka, jamani, si kupanda! Mawe, mizizi, makorongo, yote aliyapita mbio huku mkewe, mja mzito, amefumba macho kule chini.

Helmeti yake ilitengenezwa na mafundi wawili. Mkawasi alitengeneza gamba la nje, ndani akajaza povu gumu, jepesi, kama lile linalokuja na televisheni mpya. Wakesho akaongeza utando mwembamba unaoteleza, kati ya povu na kichwa. Watu walimcheka. Helmeti gani hiyo inayochezacheza kichwani?

Siku moja Mwadime akaanguka, akagonga kichwa, akainuka mzima. Akaipangusa helmeti vumbi. Haikuwa na hata ufa. Dada yake Mghoi akasema, "Hiyo imekwisha kazi, kaka. Povu likishabonyea halirudi."

"Kitu kilichoniokoa nitakitupaje?" Mwadime akajibu. Kwa desturi ya jamaa yao, kitu kilichokuokoa kilivaliwa mpaka kichakae. Mghoi hakubishana. Alichukua jiwe akaipondaponda helmeti ile. Mwadime alimnunia, hata salamu hakumpa, lakini akalazimika kuvaa mpya ya mafundi wale wale.

Siku ya mashindano gurudumu la mbele likanasa kwenye mzizi. Mwadime akarushwa, akashuka kichwa chini, ubavu wa kichwa ukagonga mwamba. Mkewe akapiga yowe. Kisha Mwadime akaketi, akauliza, "Baiskeli yangu iko wapi?"

Helmeti ikafunguliwa mbele ya watu. Gamba limepasuka. Povu limebonyea pale ambapo fuvu lingebonyea. Utando umesogea upande, upana wa kidole. Hakuna aliyecheka. Watu waliishika kwa zamu, taratibu. Kitu chepesi hivi, kimemeza kishindo kile chote! Nami ninaposimulia, mwili unanisisimka.

Wiki hiyo mkewe akajifungua binti. Mwadime akasema, "Ataitwa jina la aliyeniokoa." Na kwao mtoto hupewa jina la mtu mmoja tu.

Mkawasi akasema, "Ni mimi. Kishindo kiliishia kwenye povu langu. Bila povu, fuvu lingepasuka."

Wakesho akasema, "Fuvu zima lafaa nini, kama ubongo umesokotwa ndani? Aliangukia ubavu wa kichwa. Utando wangu uliteleza ili kichwa kisizungushwe. Ni mimi."

Mghoi akasema, "Kazi zenu zote zilikuwamo kwenye ile ya kwanza, na povu lake lilikuwa limekufa. Angeivaa hiyo, leo tungekuwa matangani. Mimi ndiye niliyenuniwa kwa ajili ya kichwa hicho!"

Mkewe Mwadime alimkumbatia mtoto, machozi yakimtoka. "Niliogopa huyu atazaliwa yatima," akasema. "Nawashukuru nyote, lakini nimwite nani?"

Haya basi, nyinyi mnaojua kuamua mambo ya watu, mama anawangoja: binti aitwe Mkawasi, aitwe Wakesho, au aitwe Mghoi?