Kodi ya Pango kwenye Kilima cha Ndulele

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, jua liliiwakia nyika mpaka mito ikawa tope, na tope likawa nyufa. Ikasalia chemchemi moja tu, nayo ilikuwa ubavuni mwa Kilima cha Ndulele. Kila mwenye miguu akahamia huko.

Mama Ngiri alifika na watoto wake, mikia juu, midomo imekauka. Maji aliyapata. Shida ikawa mahali pa kulala. Ngiri hulala shimoni, na huingia kinyumenyume ili meno yake yabaki yametazama nje. Mashimo kilimani yalikuwa mengi. Aliyachimba Muhanga, mnyama mwenye pua ndefu na kucha kama jembe, ambaye hutafuta mchwa, hulala palepale alipochimba, kisha huenda zake bila kumuaga yeyote. Tangu zamani, shimo aliloliacha Muhanga lilikuwa la aliyelikuta tupu.

Lakini Mama Ngiri alipoinamia shimo la kwanza, alikutana na uvundo uliomrudisha nyuma. Majani makavu yote ya mlangoni yalikuwa yamepakwa harufu ya Fisi. Shimo la pili vivyo hivyo. La tatu pia.

"Karibu, mama," ikasema sauti nyuma yake. Fisi alikuwa amekaa kitako, tumbo limemtangulia. "Unatafuta nyumba?"

"Natafuta shimo."

"Ni kitu kilekile, ila nyumba ina mwenyewe. Mwenyewe ni mimi. Alama yangu umeshainusa."

"Mashimo haya kayachimba Muhanga."

"Muhanga ni fundi. Fundi akimaliza kazi huondoka. Umewahi kuona fundi akahamia kwenye nyumba ya watu?"

Mama Ngiri hakuwa mwepesi wa maneno. Alikuwa mnyama wa kusema kweli tupu, hata pale ambapo kunyamaza kungemfaa zaidi. Alitazama angani, akamwona Tai akizunguka polepole juu ya watoto wake, akauliza kodi ni kiasi gani.

"Mfupa mmoja wenye uboho, kila mwezi unapoandama."

Wakati ule mifupa haikuwa haba, maana ukame ulikuwa ukiua kila uchao. Mama Ngiri akaburura mfupa wa pundamilia kutoka nyikani, akalipa, akaingiza watoto kwanza, kisha akaingia mwenyewe kwa makalio. Akalala. Majirani zake walikuwa Nungunungu, mseja mwenye manung'uniko, na Mbweha, mke na mume, waliokuwa na mtoto mchanga. Fisi hakuwagusa watoto wa mtu. Alisema mpangaji aliyeliwa halipi.

Baadaye yakaja manyunyu. Kilimani majani yakachipua, wanyama wakapata nguvu, vifo vikapungua. Wote wakafurahi, mpaka mwezi ulipoandama na kila mmoja akatoka kutafuta mfupa. Mifupa haikupatikana. Fisi alipoona hivyo, akapandisha kodi ikawa mifupa miwili.

"Kwa nini?" Mama Ngiri akamuuliza.

"Gharama zimepanda."

"Gharama zipi? Shimo ni lilelile."

"Shimo ni lilelile, lakini sasa lina majani mabichi mlangoni. Wengine wanalipia majani kama hayo na hawaulizi." Akawatazama watoto, akawakagua mmoja mmoja. "Halafu hawa wamenenepa. Nyumba inachakaa."

Aliyeshindwa kulipa hakufukuzwa kwa kelele. Fisi alimsubiri atoke kwenda kula, akaingia shimoni mwake, akalala. Mwenyewe akirudi anakuta mlangoni taya za Fisi zimetulia, na hakuna wa kuzisukuma. Ndivyo walivyotolewa Mbweha. Wakajibanza chini ya kichaka na mtoto wao. Mchana mmoja, mama Mbweha alipokwenda kunywa maji na mumewe akageuza shingo kidogo, Tai akashuka. Aliporuka, kichakani palikuwa na manyoya machache tu.

Mama Ngiri alikisikia kilio kile akiwa amepiga magoti anang'oa mizizi. Akawaita watoto wake, akawapanga karibu kabisa na miguu yake, akaenda kumpitia Nungunungu.

"Twende kwa Simba."

"Simba hatatusaidia," Nungunungu akanung'unika. Lakini akaenda.

Simba alikuwa amelala mbele ya pango lake juu ya mwamba, kichwa kimeinuliwa kana kwamba kuna mtu anamchora. Mama Ngiri akamweleza yote: alama, mifupa, Mbweha, mtoto. Simba alisubiri amalize, akapiga mwayo.

"Mashimo, umesema?"

"Ndiyo, mtukufu."

"Mimi silali shimoni. Mashimo ya kilima hiki hayanihusu."

Wakashuka. Njiani wakamkuta Sungura ameegemea jiwe. Naye alikuwa mpangaji, ila kodi yake alilipa kwa ahadi, na ahadi za Sungura zilikuwa nzuri kiasi kwamba Fisi aliziona kama akiba.

"Mmempelekea Simba shida," Sungura akasema. "Simba hana sikio la shida. Sikio lake ni la ukubwa wake tu. Alisema nini hasa?"

Mama Ngiri akamwambia neno kwa neno. Sungura akachezesha masikio.

"Mama, Fisi akikuuliza swali, utamjibu nini?"

"Kweli. Sijui kusema uongo, wala usinifundishe. Watoto wangu wananisikiliza."

"Sikufundishi lolote. Utaulizwa, utajibu."

Sungura akaenda kwa Fisi, akamkuta anavunja mfupa. "Bwana mwenye nyumba," akasema, "pole kwa hasara. Pango kubwa kuliko yote hapa kilimani lina mkazi asiyelipa, na jikoni kwake kuna paja zima la nyati."

Fisi akaacha kutafuna. "Lile ni la Simba."

"Kasema nani? Muulize Mama Ngiri. Ametoka huko sasa hivi."

Fisi alikuwa na hofu ya Simba, na hofu hiyo ilikuwa kubwa. Lakini paja la nyati alikwisha kuliona akilini, na mate yalikuwa yameanza kumdondoka. Akaenda mbio mpaka kwa Mama Ngiri.

"Mama Ngiri, wewe huna uongo. Simba amesema nini kuhusu kilima hiki?"

Mama Ngiri aliona kwamba Fisi alikuwa akisikia anachotaka kabla hata hajajibiwa. Akajiuliza kama ilikuwa juu yake kumzuia. Akakumbuka manyoya kichakani.

"Alisema, 'Mashimo ya kilima hiki hayanihusu.'"

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Nungunungu alikuwapo."

Fisi akacheka kicheko chake mpaka akakohoa. Kwake jambo lilikuwa limekwisha: Simba amejitoa, na pango ni nini kama si shimo kubwa? Akawakusanya wapangaji wote wawe mashahidi, akawatangulia kupanda mwambani. Simba alikuwa amesinzia. Fisi akanyata, akainua mkia, akapaka harufu yake kwenye majani ya mlango wa pango, kushoto na kulia, bila kuacha unyasi.

Pua ya Simba ikacheza. Akafumbua jicho moja.

"Ni nini kinachonuka?"

"Ni alama ya mwenye nyumba, mtukufu," Fisi akasema.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi."

"Na mimi ni nani?"

"Mpangaji, mtukufu. Mpangaji wa heshima. Kodi ni paja la nyati kila mwezi unapoandama. La miezi iliyopita tutaelewana, ila kwa hizo nywele zako kutakuwa na nyongeza kidogo, maana zinachukua nafasi."

Simba hakunguruma. Alisimama, akajinyoosha mgongo, akamwekea Fisi mguu shingoni, taratibu, kama mtu anayeegemea ukuta.

"Ramba."

"Mtukufu?"

"Hapa umepaka. Ramba. Ukimaliza hapa, ramba mlango wa kila shimo ulilolipaka hivi kilimani kwangu, mpaka chini. Nikisikia harufu yako tena kilimani, nitaifuata mpaka niukute mwili wake."

Fisi akaramba. Akaramba mwambani, akashuka akiramba mlango kwa mlango, Simba nyuma yake, wapangaji wakitazama. Kwa Nungunungu alitapika, ikabidi arambe upya. Alipomaliza shimo la mwisho akakimbilia nyikani, tumbo limeingia ndani kwa mara ya kwanza.

Ndipo Mama Ngiri akaingiwa na wasiwasi mpya. Akamkabili Simba, akauliza lile ambalo Nungunungu alikuwa akimchoma kwa miiba asiliulize.

"Na sisi, mtukufu, sasa tutalipa kwako?"

Simba akamtazama kwa dharau isiyo na kifani.

"Mimi? Nile mfupa uliobururwa na ngiri?" Akageuka, akapanda kwake.

Mama Ngiri hakuwahi kutukanwa vizuri namna ile. Siku hiyohiyo alikwenda kichakani kuwaita Mbweha. Mama Mbweha hakutaka kurudi kwenye shimo la zamani, kwa kuwa mtoto alizaliwa humo. Mama Ngiri hakubishana naye. Alimtafutia jingine juu kidogo, akalifagia kwa pua, akakaa naye mpaka alipopata usingizi.

Kisha mvua kubwa zikaja, za mawe na radi. Fisi akapanda kilima, akitumaini mvua imeosha harufu yake, ameloa chapachapa, amekonda, anatetemeka. Alikwenda moja kwa moja kwenye shimo la juu ambalo hakujua limepata wakazi, akiona giza lake ni kavu na la joto. Mama Mbweha akatoa kichwa nje.

"Nipatie kona tu," Fisi akasema. "Nitalipa. Mifupa miwili. Mitatu. Sema kodi unayotaka."

Mama Mbweha alimtazama maji yakimchuruzika masikioni.

"Hapa hapapangishwi," akasema, akarudi ndani kwa mumewe.

Kisa kinakomea hapo mlangoni. Usiku ule Fisi alilala wapi, anajua mwenyewe. Wale aliowatoza kwa kulala hakuna aliyetoka kumuuliza.