Nguo ya Kwanza ya Bi Kidawa

Nina watu watatu na nguo moja. Haigawanyiki, msinisumbue. Sogeeni karibu, na anayetafuna karanga atafune kimyakimya.

Wa kwanza ni Mwanahija, binti asiyejua kukata tamaa. Ukimwambia haiwezekani, anakuuliza nani kasema. Wa pili ni Shomvi, fundi wa simu na redio wa mtaani kwao, mwenye jicho la kuona ubovu ambao wenzake hawauoni. Wa tatu ni Mzee Mihambo, jirani yao Mnyamwezi, mwenye mdomo. Mdomo ule, jamani, acheni tu.

Mama yake Mwanahija ni Bi Kidawa, Mzaramo, fundi cherehani. Alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Hospitali walimwambia aufanyishe mazoezi kila siku. Akaweka nadhiri: "Nguo ya kwanza nitakayoshona kwa mkono huu ni ya yule atakayenirudishia. Mmoja tu. Kabla ya hiyo sishoni hata kiraka."

Mwanahija akaazima gemu ya ndondi, ile ya kuchezea nyumbani mbele ya televisheni. Unashika rimoti mbili, moja kila mkono; mkicheza wawili, kila mtu na yake. Ukirusha ngumi, mtu wa kwenye kioo naye anarusha, na gemu inahesabu. Alihamishia televisheni yake chumbani kwa mama. Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini alimfunga rimoti mkononi kwa khanga, isidondoke.

"Piga, mama!"

"Nimpige nani? Huyu hajanikosea kitu."

"Mpige hivyohivyo!"

Wiki ya kwanza mkono wa kulia ulihesabiwa ngumi mbili. Wiki ya sita, arobaini. Mwanahija alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Kisha, asubuhi moja, sufuri. Bi Kidawa anarusha, sufuri. Kesho yake pia. Akaketi kitandani akalia. "Mkono umekufa tena," alisema. "Niacheni." Akageukia ukutani. Hata Mwanahija aliamini, akamwita Shomvi aje aishushe televisheni ukutani.

Shomvi hawezi kupita kifaa bila kukigusa. Alishika rimoti ya kulia, akarusha ngumi. Sufuri. Akarusha tena kwa nguvu zote. Sufuri.

"Dada Mwanahija," akasema, "ina maana na mimi nina kiharusi? Mgonjwa ni hii rimoti. Mkono wa mama mzima!"

Akaifungua. Ndani, waya mmoja mwembamba ulikuwa umekatika. Alizunguka siku tatu madukani, hakuna. Basi akafungua rimoti yake mwenyewe, anayochezea na wenzake kila Jumamosi, akatoa waya wake akautia kwenye ile. Tangu hapo wenzake wanacheza, yeye anatazama.

Lakini Bi Kidawa hakukubali kuigusa. "Mnanidanganya ili nifurahi," alisema, na siku nne hakuinuka. Mwanahija akabembeleza, Shomvi akaapa, wapi!

Ndipo Mzee Mihambo akaingia bila hodi, maana ni mtani wake.

"Mzaramo, nimekuja kuchukua cherehani. Si umeshakufa? Watani ndio wazikaji, na mimi sirudi mikono mitupu."

"Toka chumbani kwangu!"

"Nitoe, kama mkono unao."

Akamtupia rimoti ya kulia mapajani, akachukua ya kushoto, akaanza kumpiga kwenye kioo huku anacheka. Bi Kidawa alipandwa na hasira, akasimama. Alirusha ngumi mfululizo, na gemu ikahesabu kumi na tatu. Magoti ya mzee yule ni mabovu. Kila akimaliza mchezo hukandwa mafuta ndipo aweze kupanda ngazi za kwake. Lakini alirudi kila siku miezi mitatu, na matusi mapya.

Juzi Bi Kidawa alishika mkasi. Haukutetemeka. Alilia kwa sauti, akatandika mezani kitambaa alichokiwekea nadhiri ile, cha nguo moja tu.

"Nisingeileta gemu, mama angeanzia wapi?" alisema Mwanahija.

"Nisingeitengeneza, mngeuzika mkono mzima," alisema Shomvi.

"Na mimi nilimkuta maiti," alisema Mzee Mihambo. "Maiti hachezi na rimoti nzima wala mbovu."

Msiniambie ajishonee mwenyewe. Nadhiri haikusema hivyo. Na msiniambie ashone kofia tatu! Ameapa kwa Mungu, na si mwanamke wa kucheza na kiapo.

Idi imekaribia. Wateja wamejaa barazani na vitambaa vyao, na yeye hawezi kumkatia hata mmoja kabla ya ile ya kwanza. Mkono uliopiga ngumi miezi yote ile umeshika futi ya kupimia, na watu watatu anaowapenda wamesimama mbele yake.

Haya, nawauliza ninyi. Ungekuwa wewe Bi Kidawa, ungempima nani?