Buku na Kokoto za Serikali

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliokula ugali mkavu? Paukwaaa!

— Pakawaaa!

Ehee. Sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na serikali yao. Walipiga kura kwa mkia. Mkia juu, ndiyo. Mkia chini, hapana. Chura hana mkia, aliinua mguu. Wakamchagua Kiboko awe mkuu wao, maana alikuwa na mdomo mpana, na ahadi zake zote zilienea humo.

Serikali ile ilikuwa na karani, Panya Buku. Mnajua kwa nini alipewa kazi? Mashavu! Buku ana mashavu kama mikoba. Na desturi ya serikali ilikuwa hivi: kila siri ina kokoto yake, na kila kokoto hukaa shavuni mwa karani. Akiitema, siri imetoka. Atakayetema atafukuzwa nchini. Buku akala kiapo, akala na kokoto. Akitembea, mashavu yanalia kacha-kacha, kacha-kacha. Ukimwuliza, "Hujambo, Buku?" anajibu, "Fijambo." Watoto wanacheka. Yeye hana habari. Kazi yake aliipenda sana.

Siku moja Nyati mzee akafia bwawani, katikati ya matete. Akaoza. Maji ya kunywa yakaharibika. Kiboko akaita baraza mbio mbio.

"Uchaguzi umekaribia," akasema. "Wananchi wakisikia habari hii, mikia yote itashuka. Hii ni siri. Karani, shavu!"

Buku akapanua shavu. Kokoto ikaingia. Koto!

Tangu siku hiyo wakubwa wakawa wanakunywa kwenye chemchemi iliyo nyuma ya kilima. Kiboko mwenyewe akahamia huko. Akasema mganga amemshauri apumzike. Wananchi wakaendelea na bwawa lao.

Matumbo yakaanza. Ngruu! Ngruu! Pundamilia ngruu, Ngiri ngruu. Mbweha, waziri wa habari, akapanda juu ya kichuguu.

"Ndugu wananchi! Maji yetu ni salama kabisa. Tatizo ni matumbo yenu!"

Buku akakosa raha. Akamwendea Kiboko. "Mfefimiwa, tuwaambie."

"Baada ya uchaguzi."

Akawaendea wazee wa baraza. Wakaunda kamati. Kamati ikaenda bwawani, ikayatazama maji, ikainama, ikanywa. Ikanywa maji ya kibuyu ilichokuja nacho kutoka nyumbani! Kisha ikarudi na kusema kwamba inahitaji kamati ndogo.

Sasa, jirani yake Buku alikuwa Mama Kanga. Alikuwa na vifaranga kumi na wawili. Wiki ile walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Asubuhi moja Buku akamwona anawapanga mstari.

"Twendeni tukanywe, wanangu. Serikali imesema maji ni salama."

Kacha-kacha, kacha-kacha, Buku akawakimbilia. "Mfinywe! Mfinywe!"

"Nini, jirani? Unaumwa jino?"

Kifaranga wa mbele akainama. Mdomo wake karibu unagusa maji. Buku akapapasa shavuni kwa ulimi. Kokoto zote alizijua. Hii ya mviringo: Kiboko anaogopa vipepeo. Hii laini: mahali Swala wanapoficha watoto wao wachanga. Hii yenye kwaruzo: bwawa. Akaisukuma mbele hiyo moja, nyingine zote akazisogeza shavu la pili.

Tfuu!

"Msinywe! Kuna mzoga kwenye matete! Serikali inajua!"

Loo! Mama Kanga akapiga kelele, na kanga akipiga kelele nchi nzima inasikia. Kufika adhuhuri wanyama wote walikuwa uwanjani.

"Nani ametema?" akanguruma Kiboko.

"Mimi," akasema Buku. Hakujificha.

"Msaliti! Maji ni salama!"

"Basi kunywa, mheshimiwa," akasema Mama Kanga.

"Sina kiu."

"Tone moja tu."

"Nimefunga."

"Umefunga! Na hilo boga mdomoni?"

Wananchi wakaangua kicheko. Kiboko akalimeza boga zima zima.

Mbweha akaona mambo yanaharibika, akabadili upande upesi. "Wananchi! Mnayo haki ya kujua! Amekwisha kutema moja, azimwage zote! Tema, Buku!"

Umati nao kwa kupenda umbeya! "Tema! Tema! Tema!"

Buku akamtazama Mbweha. Akaona ulimi wake unavyolamba midomo. Akamtazama Mama Swala, amesimama nyuma kabisa, anatetemeka. Buku akafunga mdomo.

"Fitemi," akasema.

"Kwa nini? Ile uliitema!"

Akazihamisha tena kokoto zote shavu moja, apate kusema vizuri. "Ile ikifichwa, mnakufa ninyi, na anayepona ni mheshimiwa na cheo chake. Niliwaomba wakubwa waiseme, wakakataa. Nyingine humu ikitoka, wanakufa watoto ambao hawajajua hata kukimbia. Ya kwanza ilikuwa inamlinda mkubwa. Hii inamlinda mdogo. Nifukuzeni mkitaka, lakini hii haitoki."

Mama Swala akasogea mbele, machozi yanamtoka.

"Mimi sijui sheria," akasema. "Ila mwanangu mchanga yumo katika shavu lile. Na leo ningemweka humo tena."

Wakapiga kura. Nani anataka Buku afukuzwe? Mkia wa Mbweha ukapanda peke yake. Akatazama huku, akatazama huku, kisha akaukalia.

Uchaguzi ulipofika Kiboko alishindwa vibaya. Mzoga ukatolewa. Na vifaranga wale kumi na mmoja wakakua, wakawa na kelele kumshinda mama yao.

Mnasikia, wakubwa kwa wadogo? Mficha maradhi kifo humuumbua. Siri inayomlinda mnyonge, itunze hata ukifukuzwa. Siri inayomwua mnyonge ili mkubwa akae kitini, kwanza waombe wenyewe waiseme. Wakikataa, itoe hiyo hiyo, wala usiongeze nyingine, na ukiulizwa nani kaitoa, jibu: mimi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyowanogea kaeni nayo. Iliyemchoma, ajikune mwenyewe.