Mkate wa Mwalimu Nyati

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakivaa viatu na kwenda kanisani, Mwalimu Nyati alishikwa na wivu. Wivu wa kweli, ule wa kukosesha mtu usingizi! Yeye ndiye mwenye hadubini, yeye ndiye aliyesoma hadi macho yakawa mekundu. Lakini kila Jumapili darasa lake lilibaki viti vitupu, na kanisa dogo la Mchungaji Kindi lilijaa hadi madirishani.

"Kale kakindi kananizidi nini?" alinguruma.

Siku ya mavuno akaingia kanisani, dub! dub! dub!, amebeba mkate mkubwa aliouoka mwenyewe, na hadubini kwapani.

"Chungulieni humu! Mkate umeumuka kwa hamira, umeiva kwa joto. Sayansi imeeleza yote, Mungu hana kazi. Kindi akikosa jibu, afunge kanisa, nyote mje darasani kwangu!"

Kindi, mkia juu, akaruka, akachungulia.

"Loo! Kweli tupu, Mwalimu. Hamira hii hapa."

Nyati akavimba kichwa. Tena kanisani pale kulikuwa na desturi: siku ya mavuno, aliyeandaa chakula huitwa mbele akapigiwa vigelegele. Nyati akaanza kuweka tai yake sawa.

"Tushukuru kwa mkate," Kindi akasema. "Hamira, asante!"

"Ayiyiyiyi!" wakaitikia akina mama.

"Joto, asante!"

"Ayiyiyiyi!"

Kindi akaketi. Nyati akangoja, wapi! Wivu ukamchoma moyo. Yaani hata hamira, unga wa kopo tu, inashangiliwa naye amesimama hapo?

"Na mimi je?" akafoka. "Nani aliukanda? Nani aliwasha moto? Ni mimi!"

"Wewe?" Kindi akashangaa. "Mbona kwenye hadubini hukuonekana?"

"Nionekaneje ndani ya mkate, mjinga wee? Mimi ndiye niliye..."

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe.

Kwa! kwa! kwa! Kanisa likaangua kicheko.

"Hamira ni kweli, joto ni kweli, na mpishi ni kweli," Kindi akasema. "Njoo mbele, Mwalimu wetu, tukushangilie. Kisha utufundishe na hiyo hadubini."

Nyati akaenda, masikio yamelala, akisikiliza kwa makini kama vigelegele vyake vinazidi vya hamira.

Basi, watoto wangu, kujua mkate ulivyoumuka hakumfuti aliyeukanda.